Sosholojia Chuoni na Jamii Nyumbani

Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, vijana wengi wa Tanzania huketi na wazazi wao kushauriana juu ya masomo ya chuo kikuu. Atajaye sheria hupongezwa, na atajaye udaktari huombewa dua. Atajaye sosholojia aghalabu huulizwa swali moja: “Ukimaliza utakuwa nani?” Swali hilo si la kipuuzi. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome ana haki ya kuulizia mavuno. Hata hivyo, jibu linalotolewa mara nyingi huwa dhaifu kuliko somo lenyewe, na udhaifu huo hauna budi kuchunguzwa.

Makala hii yakusudia kulihakiki somo la sosholojia, au elimujamii, kama linavyosomwa katika shahada ya kwanza, kwa kulilinganisha na vitabu vichache vya Kiswahili vilivyokwisha kuieleza jamii yetu. Mwandishi wa makala hii hakupita chuo kikuu. Elimu yake ni ya sekondari, kazi yake ni utumishi wa serikali, na burudani yake ni kutunga mashairi. Kwa hiyo analitazama somo hili akiwa upande wa pili wa meza, yaani upande wa mtu ambaye huletewa taarifa zilizoandikwa na wahitimu wake, kisha hutakiwa azifanyie kazi. Kutoka upande huo, faida ya somo huonekana wazi. Na kasoro zake pia huonekana wazi.

Somo na asili yake

Jina la sosholojia lilibuniwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830. Lakini fikra zenyewe zina umri mkubwa kuliko jina. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika Muqaddima mwaka 1377, akaeleza jinsi dola zinavyoinuka na kuanguka kwa kadiri ya mshikamano wa watu wake, mshikamano alioupa jina la asabiya. Hakuridhika kusimulia nani alimshinda nani. Alitaka kujua kwa nini. Baadaye Émile Durkheim wa Ufaransa, Max Weber wa Ujerumani, na W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi, waliliwekea somo hili misingi ya utafiti. Du Bois alipochunguza maisha ya watu weusi wa mji wa Philadelphia, katika kitabu kilichotoka mwaka 1899, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza na kuandika, wala hakutosheka na yaliyosemwa juu ya watu hao na majirani zao weupe.

Kiini cha somo ni wazo ambalo msomaji anaweza kulijaribu mwenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyetunga salamu ya “shikamoo”, wala aliyeamua nani alipe mahari na nani aipokee. Tumezaliwa tukayakuta. Kijana asiyeamkia wazee hafungwi jela, lakini ataonja adhabu nyingine: atanyimwa radhi, na jina lake litatajwa barazani. Basi kuna nguvu nje ya mtu mmoja mmoja inayomwelekeza, hata pale anapodhani amejiamulia mwenyewe. Mwanafunzi wa sosholojia hufundishwa kuiona nguvu hiyo, kuipima, na kuuliza ilitoka wapi na inamfaidia nani. Anayejua kuwa desturi imetengenezwa na watu anajua pia kuwa watu wanaweza kuitengeneza upya. Hilo si jambo dogo kwa taifa ambalo bado linajijenga.

Nani huuliza, na nani huandikwa

Mwanafunzi wa Tanzania anayefungua somo hili hukuta kwamba jamii yake ilikwisha kuandikwa kabla hajazaliwa, na kwamba walioiandika hawakuwa na nia moja. Mfano wa kwanza ni Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mjerumani Carl Velten ndiye aliyekihariri, lakini sehemu kubwa ya maelezo yake yametoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Humo mna habari za uzazi, jando, ndoa, mazishi, ngoma, deni na utumwa, zote zimeelezwa kwa Kiswahili na mtu aliyeziishi. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba elimujamii inaweza kusemwa kwa lugha yetu hana haja ya kungoja istilahi mpya. Kazi ilianza zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Pamoja na sifa hiyo, mhakiki mwaminifu hana budi kusema mambo mawili. Kwanza, chuo alichofundisha Mtoro kilikuwa mahali pa kuwaandaa maofisa wa utawala wa kikoloni. Elimu juu ya desturi zetu ilikuwa pia chombo cha kututawala. Pili, jicho la kitabu hicho ni jicho la mwungwana. Watumwa wamo, tena wameelezwa kwa urefu, lakini wanaelezwa. Si wao wanaoeleza. Mwanafunzi akijifunza kuuliza “nani anasema hapa, na nani amenyamazishwa?” atakuwa amekwisha kupata nusu ya somo lake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na ofisi zetu. Katika utawala wa Mwingereza, serikali ya Tanganyika ilikuwa na mtaalamu wa elimujamii aliyeajiriwa nayo, Hans Cory, mzaliwa wa Austria. Alizunguka nchi akiwahoji wazee, akaandika sheria za mila za Wahaya na za Wasukuma. Alikuwa pia mpenzi wa mashairi ya Kiswahili na akayakusanya. Hazina ya maandiko yake imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hatuna sababu ya kuidharau kazi yake. Lakini tujiulize: wazee waliohojiwa walikuwa akina nani? Kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume, tena wenye mamlaka. Mila iliyokuwa ikijadiliwa barazani, ikipindwa huku na kulegezwa kule kwa kadiri ya shauri lililoletwa, iligeuka maandishi yasiyopindika.

Mwaka 1963, baada ya uhuru, sheria za mila zilitangazwa rasmi kwa maandishi. Kanuni zake za urithi zilimweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume, na zikamzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Ilichukua miaka mingi kabla kanuni hizo hazijatikiswa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza, chini ya Jaji James Mwalusanya, iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume, kwa sababu Katiba hairuhusu ubaguzi. Tazama basi umbali wa safari: maneno ya wazee yanaandikwa daftarini, daftari linageuka sheria, sheria inamfuata mwanamke hadi mahakamani. Atakayesema kwamba sosholojia ni somo la maneno matupu na aisome habari hiyo tena. Kalamu ya mtafiti yaweza kumpa mjane shamba, na yaweza kumnyang'anya.

Waafrika wenyewe waliligundua jambo hili mapema. Mshairi Okot p'Bitek wa Uganda, aliyesomea elimu ya mila za watu Oxford, alichukizwa na jinsi Waafrika walivyoitwa washenzi darasani mle mle alimokaa yeye, na baadaye akaandika kuyapinga maandishi ya wasomi wa Ulaya juu ya dini za Afrika. Archie Mafeje wa Afrika Kusini alinyimwa kazi katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1968, kwa shinikizo la serikali ya makaburu. Punde akaja Dar es Salaam kuiongoza idara ya sosholojia. Mwaka 1971 alichapisha makala akisema kwamba ukabila ni itikadi iliyokuzwa na ukoloni, na kwamba wenyeji wa nchi yake hawakuwa hata na neno lenye maana hiyo ya kikoloni. Kiswahili nacho kimelipokea neno kabila kutoka Kiarabu. Mwanafunzi anayeliandika neno hilo kila siku bila kulichunguza anabeba mzigo asioujua umefungwa na nani.

Kisiwa kimoja, vitabu viwili

Sasa tuitazame fasihi. Ukerewe imetupatia waandishi wawili ambao mwanafunzi wa elimujamii angefaidika sana kuwasoma pamoja: Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi.

Kitereza alimaliza kukiandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapaji. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kisa chenyewe ni chepesi. Mume na mke wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua arudi kwao, na mume anatozwa faini ya pombe ya ndizi kabla ya kumrudisha. Chuoni mwanafunzi atafundishwa juu ya Mfaransa Marcel Mauss, aliyeeleza mwaka 1925 kwamba zawadi si bure: hudai kupokewa, na hudai kurudishwa, na kwa njia hiyo huwafunga watu pamoja. Maelezo hayo ni mazuri. Lakini katika Kitereza mwanafunzi ataiona pombe ikitafutwa, ikitengenezwa, ikibebwa. Ataona kwamba mtu peke yake hawezi kuilipa faini ile, na kwamba kila anayemsaidia anaongeza deni la hisani litakalodaiwa kesho. Ataelewa kwa nini ndoa katika jamii ile haikuwa shauri la watu wawili. Ataelewa pia utasa ulikuwa msiba wa namna gani, na nani alibebeshwa lawama yake.

Kezilahabi, katika Kichwamaji, riwaya iliyotoka mwaka 1974, anatuonyesha uzao wa baadaye. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Anarudi kwao wakati wa likizo, na kila anapozungumza na watu waliomlea ni kana kwamba pana ukuta. Amevuliwa imani za wazee wake, wala hakuvikwa nyingine zinazomkaa sawasawa. Manase, msomi mwenzake mwenye cheo, amempa mimba dada yake. Mwisho wa yote Kazimoto anajiua.

Hapa mwalimu wa sosholojia angekumbuka kitabu cha Durkheim cha mwaka 1897 juu ya kujiua. Durkheim alipekua takwimu za nchi za Ulaya, akaona kwamba idadi ya wanaojiua haikubadilika ovyo: Waprotestanti walizidi Wakatoliki, na wasio na ndoa waliwazidi wenye ndoa. Akahitimisha kwamba tendo tunalolidhani kuwa la siri kuliko yote lina mizizi katika jamii, na kwamba pale kanuni zinapovunjika bila nyingine kushika nafasi yake, mtu hukosa pa kusimama. Maelezo hayo yanamfaa Kazimoto kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Lakini hapo ndipo mwanafunzi anapaswa kuwa macho. Kanzu kumkaa mtu hakumaanishi kwamba tumemjua. Kezilahabi amemjaza Kazimoto mambo ambayo nadharia ile haikuyagusa: hatia zake mwenyewe, uchovu wake, na maswali yake juu ya maana ya kuishi. Mwanafunzi anayeandika jina la nadharia pembezoni mwa ukurasa na kwenda zake amefanya kazi ya karani wa masjala: ameipa karatasi namba ya faili, lakini hajaisoma.

Mipaka ya riwaya

Isidhaniwe kwamba riwaya yaweza kuchukua nafasi ya utafiti. Baadhi ya wapenzi wa fasihi husema kwamba kitabu kimoja kizuri chatosha kuijua jamii. Madai hayo yamezidi kipimo. Kazimoto ni mmoja. Je, vijana wa namna yake walikuwa wangapi? Walikuwa wengi mijini au vijijini, wa kike au wa kiume? Riwaya haijibu, wala si kazi yake kujibu. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kuchagua amtakaye. Mtafiti hana ruhusa hiyo. Mpishi akitaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi hanywi chungu kizima. Huukoroga kwanza, kisha huonja kijiko kimoja. Asiyekoroga ataonja maji ya juu na kudai mchuzi wote haukukolea. Kukoroga huko, yaani kuhakikisha kwamba wanaohojiwa hawakuokotwa barabarani kwa sababu tu ndio waliokuwa karibu na gari la mtafiti, ni sehemu ngumu ya somo, na wanafunzi wengi huichukia kwa sababu ina hesabu. Hata hivyo, bila hiyo msomi hana tofauti na mpiga domo wa kijiweni.

Kwa hiyo twahitaji vyote viwili. Riwaya humfundisha mwanafunzi nini kinafaa kuulizwa. Hesabu humfundisha asidanganyike na jibu la kwanza.

Lugha ya somo

Kasoro kubwa kuliko zote ni lugha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na kilipokuwa chuo kikuu kamili cha taifa mwezi wa Julai 1970, Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya masomo yake. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilipendekeza kwamba Kiswahili kifundishie hata katika elimu ya juu. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Kwa mwanafunzi wa fizikia tatizo hili ni zito, lakini jiwe halihojiwi. Kwa mwanafunzi wa sosholojia, lugha ndiyo kazi yenyewe. Yeye huandika maswali yake kwa Kiingereza, huyauliza kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, hupokea majibu, huyarudisha katika Kiingereza, na mwisho taarifa huletwa ofisini, ambako mtumishi wa serikali huifasiri tena kwa Kiswahili ili halmashauri ya kijiji iielewe. Kila mara neno linapovuka, kitu hudondoka.

Tuchukue mfano. Tuseme mtafiti anamwuliza mama mmoja, “Mkuu wa kaya hii ni nani?” Mama huyo ni mjane, analima, anauza, analisha wajukuu. Lakini kwa heshima anamtaja mwanawe wa kiume aliyehamia mjini miaka mingi iliyopita. Jibu linaandikwa, namba inajazwa, na mama mwenye jembe anatoweka katika hesabu. Mbolea ya ruzuku ikija, jina lake halimo. Mtafiti hakusema uongo, wala mama hakusema uongo. Swali lilibeba picha ya nyumba ya kwingine. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini huyu mtafiti alizaliwa juu ya kitanda hicho hicho, na ni masomo yake yaliyomfundisha kukisahau.

Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya taaluma hii. Dai hilo halina nguvu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilizungumzia unyonyaji, njia kuu za uchumi na matabaka, na mkulima asiyepita darasa la nne aliujadili unyonyaji jioni nzima bila mkalimani. Idara ya Kiswahili katika Chuo Kikuu hicho hicho imefundisha nadharia za lugha na za fasihi kwa Kiswahili kwa miongo kadhaa. Kilichopungua si maneno, bali ni nia.

Hitimisho

Turudie swali la mzazi. Aliyesoma sosholojia sawasawa anaweza kuwa afisa maendeleo ya jamii, mpanga mipango, mwandishi wa habari au mtafiti. Zaidi ya vyeo hivyo, anaweza kuwa mtu anayejua kwa nini kisima kilichochimbwa hakitumiki, na kwa nini mkutano uliojaa watu ulitoa azimio ambalo hakuna aliyelitaka. Ofisi zetu zina haja kubwa na watu wa namna hiyo. Lakini hawatapatikana ikiwa kwa miaka mitatu kijana atasoma jamii za wengine kwa lugha ya wengine, kisha arudi kwao na dodoso.

Nashauri mambo matatu. La kwanza, vitabu vya Mtoro, Kitereza na Kezilahabi visomwe katika madarasa ya sosholojia, si kama mapambo, bali kama maandishi ya kuhojiwa sawa na Durkheim na Weber. La pili, kila tasnifu inayotokana na kijiji fulani iwe na muhtasari wa Kiswahili utakaorudishwa kijijini na kusomwa hadharani, ili waliohojiwa waweze kusema, “Hapa umekosea.” La tatu lawahusu walimu wa sekondari. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Maji Maji, na kazi yao imebaki kuwa hazina. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuanza kwa jambo dogo zaidi. Mwalimu na amtake aandike kwa Kiswahili habari za msiba mmoja mtaani kwao: nani alichimba kaburi, nani alipika, nani alichanga na nani aliandika michango, nani alikaa ndani na nani alikaa nje, na nani aliulizwa habari za urithi kabla tanga halijaondolewa. Asitumie istilahi yo yote. Akimaliza, amsomee bibi yake aliyoyaandika na aandike pia masahihisho atakayopewa. Kijana huyo akifika chuo kikuu na kukutana na majina makubwa ya Ulaya, atakuwa na kitu chake mkononi cha kuyapimia.